Ushahidi wa Mama Mkwe Wangu

Binti yangu Mwikali alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa bado naosha vikombe. Alisema, "Mama, Susu ametuacha." Susu ni bibi kwa Kikamba, yule mama mkwe wangu. Maji yakaendelea kumwagika kwenye karai. Baadaye siku hiyo alipiga tena. Familia ilikuwa imekaa, akasema, na wamekubaliana kwamba wasifu wa marehemu niuandike mimi, niusome mwenyewe pale nyumbani Wamunyu siku ya mazishi. "Wewe ndiye ulimjua," akaniambia. Niliandika kurasa mbili. Nilitaja kanisa lake, shamba lake la kunde, jinsi alivyokuwa akipiga msasa vinyago vya mume wake mpaka twiga wa mti mgumu anakuwa laini kama shavu la mtoto. Watu waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mke aliyeondoka kwenye boma hilo zaidi ya miaka ishirini iliyopita ndiye anayesimama kumsomea mama mkwe wake. Wazee wanajua, na vijana hawajali. Lakini nilipokuwa nikisoma nilijua nimeruka mwaka mmoja mzima, ule wa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ambao mimi na baba yake Mwikali tulimshindania mtoto katika korti ya Machakos. Niliuruka kwa sababu sikujua ningeusomaje mbele ya watu. Naujaribu hapa.

Kwa nini mimi na baba yake tuliachana si neno la ukurasa huu. Hakuwa mtu mbaya, nami sikuwa mtu mbaya. Tulikuwa wadogo na tulichoshana. Nilichofanya mimi ni hiki: nilimpeleka Mwikali kwa mama mkwe wangu, akiwa na miaka mitatu, nikasema ni kwa wiki mbili nitafute kazi. Kazi niliipata kwenye kiwanda cha nguo kule Athi River, kushona mikono ya mashati siku sita kwa wiki, na wiki mbili zikawa miezi minane. Nilikuwa nikienda kumwona mwisho wa mwezi, nikikosa mwezi mmoja, nikienda unaofuata. Siku niliyokwenda na begi tupu ili nirudi na nguo zake, nilimkuta baba yake ameketi pale kibarazani akinisubiri. Aliniambia kwa upole kabisa, "Mtoto amezoea hapa. Hatatoka." Wiki iliyofuata nililetewa barua ya wakili. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama, kwa sababu ilikuwa kwa Kiingereza cha ofisini, na kila nikiisoma jina la mtoto wangu lilionekana kama la mtu nisiyemfahamu.

Wakati huo nilikuwa nikiishi chumba kimoja na Josphine, msichana tuliyekuwa tukishona naye mstari mmoja kiwandani, yeye kola, mimi mikono. Kilikuwa na vitanda viwili, stovu, ndoo tatu, na dirisha ambalo hatukulifungua kwa sababu vumbi jeupe la viwanda vya saruji lilikuwa likiingia na kutulia juu ya kila kitu, hata juu ya sukuma iliyokatwa. Josphine alikuwa amekulia Mlolongo, akiongea Kiswahili cha vijana wa huko, na hakuwa na mtoto wala mume. Jioni ile ya barua alinikuta nimeketi kitandani na viatu miguuni, akaichukua, akaisoma, akairudisha kwenye bahasha. Alisema tu, "Sawa. Leo napika mimi." Alipika kila siku kwa wiki nzima, ugali wake ukiwa mbichi katikati, na sikuwahi kumwambia.

Sikuwa na wakili. Niliambiwa ningeweza kujisimamia, nami nikadhani kujisimamia ni kusema ukweli ukiwa umesimama. Siku ya kwanza nilifika kortini saa mbili asubuhi na sketi niliyokuwa nimeipiga pasi mara mbili. Korido ilikuwa na mabenchi marefu ya mbao, yamelainishwa na watu waliokaa wakingoja, na kulikuwa na harufu ya sakafu iliyopanguswa na ya watu waliotoka mbali bila kula. Karani alikuwa akitoka na karatasi, akiita majina, na kila akiita watu wote wananyoosha shingo. Tuliitwa karibu saa sita. Tukaingia, wakili wa baba yake Mwikali akasema maneno machache, hakimu akaandika, akasema maneno mengine machache, tukatolewa nje. Nilimuuliza karani nini kimetokea. "Kesi itatajwa tena," akasema, akanitajia tarehe ya mwezi uliofuata. Nikamuuliza, "Na mtoto?" Akaniangalia kama mtu anayeona nimekosea mlango. "Mama, mtoto si wa leo."

Ndivyo mwaka ule ulivyokwenda. Kutajwa, kuahirishwa, faili haionekani, hakimu yuko semina, wakili ana kesi Nairobi. Kila mara nilikuwa nimeomba ruhusa kwa supavaiza ambaye aliandika jina langu kwenye daftari lake na uso wa mtu anayehesabu makosa. Sikuwahi kupaza sauti. Sikujua hata ningempazia nani. Watu wote pale walikuwa na adabu, kila mmoja akifanya kazi yake vizuri, na mtoto wangu alikuwa akiongezeka urefu mahali ambapo sikuwepo.

Mama mkwe wangu alikuwa akija na mwanawe. Tulikuwa tukimwita Mwaitu, mama yetu, nami sikuweza kubadilisha jina hilo hata baada ya barua. Alikuwa mwembamba, mrefu, akivaa sweta ya kijivu iliyofungwa vifungo vyote hata kukiwa na jua, na mikono yake ilikuwa na rangi ya kahawia isiyotoka, ile ya viatu wanayopakia vinyago ving'ae. Alikaa benchi la upande wa pili wa korido, nyuma ya mwanawe, ameshika kikapu mapajani. Siku ya kwanza hakuniangalia, nami sikumsalimia, na kwa sababu sisi Wakamba hatumpiti mzazi bila kumsalimu, kutosalimiana huko kulinichoma kuliko barua.

Ilikuwa mara ya pili, au ya tatu, nilipokwenda kwenye bomba la maji nyuma ya jengo, karibu na vyoo. Nilikuwa naosha uso. Nikasikia mtu amesimama kando yangu, nikaona mikono ile ya kahawia ikiingia kwenye maji. Hakugeuka. Alisema kama mtu anayeongea na bomba, "Jana alikula muthokoi sahani mbili. Akaongezewa."

Niliogopa nikijibu ataacha.

"Ako na jino moja linatikisika lakini ni kuanguka alianguka, si kung'oka. Nilimpeleka wakaangalia. Halina neno." Akafunga bomba, akajipangusa mikono kwenye leso, akaenda kuketi nyuma ya mwanawe.

Kuanzia siku hiyo, kila tarehe ya korti, tulikutana kwenye bomba. Hatukupanga. Yeye alikuwa akinyanyuka kwanza, nami nilihesabu kidogo kisha nikanyanyuka. Aliniambia Mwikali amekataa viatu vilivyofungwa, anataka vya kuingiza. Aliniambia amekuwa akikusanya makapi ya mbao pale babu yake anapochonga, anawapikia wanasesere. Aliniambia alipata homa siku mbili na siku ya tatu akaamka akitaka ndizi. Hakuwahi kuniambia pole. Hakuwahi kunishika mkono wala kuniuliza ninalala vipi, na mimi sikuwa nalala. Ila alikuwa ananipa mtoto kwa vipande vidogo, na mimi nilikuwa navibeba vipande hivyo mpaka Athi River, nikivipanga kichwani mashine ikiunguruma, mkono wa shati, jino, mkono wa shati, ndizi. Leo watu wangesema nilihitaji mtu wa kuongea naye. Nadhani nilichohitaji ni mtu wa kuongea nami juu yake, na mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani, na alikuwa ameketi benchi la upande mwingine.

Ikafika mahali kesi ikiahirishwa, kitu fulani ndani yangu kilikuwa kinatulia, kwa sababu kuahirishwa ni tarehe nyingine na tarehe nyingine ni bomba. Josphine aliona. Asubuhi moja nilipokuwa napaka mafuta kwenye kioo aliniambia kutoka kitandani, "Wewe unaenda korti kama mtu anaenda harusi."

Nikamweleza, kwa mara ya kwanza, habari za bomba. Alisikiliza akiwa amejifunika mpaka kidevuni.

"Huyo mathe yuko side gani?"

"Ya kijana wake."

"Basi chunga," akasema. "Si ati ni mbaya. Lakini chunga."

Nilimkasirikia siku mbili.

Katikati ya mwaka afisa wa watoto alikuja kuangalia mahali ninapoishi. Alikuwa mama wa makamo mwenye faili la bluu na viatu vilivyochakaa visigino, na alikuwa mpole mno. Tulikuwa tumeosha chumba tangu asubuhi, tukatandika shuka mpya, Josphine akanunua mkate. Afisa alikunywa chai, akaisifu. Akauliza mtoto atalala wapi, nikamwonyesha kitanda changu. Akauliza nikiwa kiwandani atakaa na nani. Nikasema kuna mama hapo jirani anayeangalia watoto. Akauliza jina la huyo mama, nami jina likanipotea kabisa, kwa sababu nilikuwa nimeongea naye mara moja tu. Josphine akadakia, "Mimi naweza kuhama, madam. Wakae wawili." Afisa akatabasamu, akaandika. Alipokuwa akiondoka aliushika mkono wangu kwa mikono miwili na kusema Mungu atanisaidia. Niliposikia hivyo nilijua ameandika nini.

Siku ya ushahidi ilikuwa ya baridi. Tuliingia chumba kidogo cha hakimu, si ukumbi mkubwa, kwa sababu ni mambo ya mtoto. Tulikuwa watu saba hivi, tumekaribiana mpaka nikasikia pumzi za baba yake Mwikali. Mimi nilitangulia kutoa ushahidi, na siwezi kuandika nilisema nini kwa sababu sikumbuki. Nakumbuka tu mkalimani akigeuza maneno yangu kuwa Kiingereza na maneno hayo yakitoka mafupi zaidi kuliko yalivyoingia. Kisha wakili akamwita Mwaitu.

Alishika Biblia kwa mikono yote miwili. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kanisani kichwani. Aliulizwa kwa Kiingereza, mkalimani akageuza kwa Kikamba, akajibu kwa Kikamba polepole, kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa.

Mtoto anaishi na nani? Na mimi. Tangu lini? Tangu mamake amlete. Anakula? Anakula vizuri. Akiugua? Nampeleka hospitali mwenyewe, kwa mguu kama hakuna gari. Amekua? Amekua. Wakili aligeuza ukurasa.

"Mtoto anamwita nani mama?"

Mkalimani akageuza. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alinitazama machoni, si kwenye bomba bali pale, mbele ya watu wote.

"Mimi," akasema. "Ananiita mimi mama."

Alikuwa ameniambia habari za jino. Alikuwa ameniambia habari za viatu, homa, ndizi. Hilo hakuniambia.

Hakimu akaniuliza kama nina maswali kwa shahidi. Nilikuwa sijui kwamba mtu asiye na wakili huuliza mwenyewe. Nilisimama. Kila mtu akaningoja, karani akiwa ameinua kalamu. Wakili mzuri angeuliza mambo ya umri wa Mwaitu, magoti yake, nani angekuwepo miaka kumi baadaye. Mimi niliuliza jambo nililokuwa nimetaka kumuuliza kwenye bomba mwaka mzima nikaogopa.

"Mwaitu, huwa ananiulizia?"

Mkalimani hakuhitajika, niliuliza kwa Kikamba. Mwaitu alizungusha pete kidoleni. "Mwanzoni alikuwa anauliza kila jioni," akasema. "Sasa ameacha."

Mkalimani akaigeuza kwa Kiingereza, hakimu akaiandika. Nikaketi. Ndiyo iliyokuwa hoja ya mwisho katika kesi yangu, na niliileta mwenyewe.

Tulipotoka sikwenda kwenye bomba. Nilimwona akinyanyuka na kupita, nikabaki nimeketi. Alirudi, mikono ikiwa na maji, akasimama mbele yangu, na mwanawe akamwona na hakujali. "Nilikuwa nimeshika Biblia, Mama Mwikali," akasema. Nilitazama viatu vyake. Akangoja kidogo, kisha akaondoka.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Josphine alikataa niende peke yangu, akakosa kazi na mshahara wa siku ile, akabeba mkoba wangu kana kwamba mimi ni mgonjwa. Hakimu alisoma kwa sauti ya chini. Alisema si kwamba mama ni mbaya. Alilisema hilo mara mbili. Alisema mtoto ametulia, ana nyumba, ana bibi, na si vyema kumng'oa. Ningemwona Jumamosi moja kila mwezi, pale Wamunyu, mpaka atakapokuwa mkubwa kidogo. Yote yalikuwa kweli. Hata sasa nikiyapitia moja moja sioni mahali pa kusema hapa alikosea. Tulikwenda na Josphine kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, akaagiza chapati na maharagwe, sahani mbili. Nilikaa nikiitazama chapati. Hakuniambia itakuwa sawa. Alisema tu, "Kula," nikakata kipande. Tukakaa hivyo, yeye akisema "kula" kila nikiacha, mpaka sahani ikaisha. Tukio hilo ni dogo, lakini nikiulizwa ni nani alinivusha mwaka ule, namwona yeye na sahani ile.

Sasa nitaandika jambo ambalo ni gumu zaidi. Jumamosi yangu ya kwanza ilipofika, sikwenda. Nilivaa, nikatoka, nikafika barabarani, nikarudi. Nilimwambia Josphine tumbo linaniuma. Jumamosi ya pili sikuvaa. Nilikuwa naona mtoto akikimbia kujificha nyuma ya sketi ya mama yake, na mama huyo akiwa si mimi. Nilishona. Nilikuwa nashona mashati mengi kuliko mtu yeyote kwenye mstari, na supavaiza akaanza kunitabasamia.

Jumapili moja, mwezi wa kumi na moja, saa sita hivi mchana, mlango ulibishwa. Josphine akafungua. Mwaitu alikuwa amesimama nje na sweta yake ya kijivu, vumbi jeupe begani, kikapu mkono mmoja na Mwikali mkono mwingine. Alikuwa ameuliza njia nzima, nyumba kwa nyumba, wanakokaa wasichana wa kiwanda cha nguo.

"Umeacha kuja," akaniambia. "Kwa hivyo nimemleta."

"Baba yake anajua?"

"Anajua nimeenda kanisani."

Akaingia, akampa Josphine kunde alizobeba, akauliza kitanda kipi ni cha mgeni. Josphine akamwonyesha chake. Mwaitu akavua viatu, akalala akigeukia ukuta, akajifunika leso mpaka juu ya sikio, akasema amechoka na asiamshwe. Josphine akakumbuka kuna mtu anapaswa kumwona, akatoka. Tukabaki mimi na Mwikali, na mgongo ule wa kijivu.

Mwanzoni aliketi ukingoni mwa kitanda changu, akiitazama ile leso inavyopanda na kushuka. Nilimpa vibiringo vya uzi vilivyokwisha, akavipanga. Nikamuuliza kama anataka nimsuke. Akafikiri, kisha akaja akaketi katikati ya magoti yangu. Kichwa chake kilikuwa na joto na harufu ya mbao. Nilimsuka mistari minane, polepole kuliko nilivyowahi kumsuka mtu, nikifumua wa tano na kuanza tena ili usiishe. Alianza kunisimulia habari za mbuzi, na katikati ya mbuzi akaniita mama, bila kutambua, kama mtoto anavyomwita mtu aliye karibu. Mgongo ule ukutani haukutikisika.

Mwaka jana, Mwaitu alipokuwa mgonjwa, nilikwenda kukaa naye wiki mbili, kwa sababu Mwikali ana kazi na mimi nina muda. Mchana mmoja nikimlisha uji alinishika mkono. "Ile siku ya korti nilisema ukweli," akasema. "Lakini nilikuwa nafurahi nikiusema. Nilitaka abaki." Nikamwambia najua. Alinitazama kwa muda, akitafuta kama ninamdanganya, kisha akafungua mdomo apewe kijiko kingine. Nilikuwa nimejua tangu aliponitazama machoni mbele ya hakimu. Na bado ndiye aliyeuliza njia nyumba kwa nyumba. Sijaweza kumgawanya awe watu wawili, mmoja nimpende na mwingine nimchukie. Ingenirahisishia maisha.

Jumapili ile, saa kumi Mwaitu aliamka, ikiwa alikuwa amelala. Akavaa viatu, akafunga kitambaa. "Twende," akamwambia Mwikali. Mwikali akatikisa kichwa. Akaniegemea mguuni, akashika sketi yangu kwa mikono miwili, na Mwaitu alipomsogelea akaanza kulia, kilio cha kutoka tumboni kilichofanya majirani wafungue milango kutazama. Mwaitu alisimama, kikapu mkononi, akanitazama, akinisubiri nimtulize mtoto, nimwambie aende, kwamba tutaonana Jumamosi. Maneno nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nafurahi. Nilisimama pale mlangoni nikimsikiliza mwanangu akinililia, na nikamwacha alie, alie kidogo zaidi, kabla ya kuinama na kuanza kumbandua vidole kwenye sketi, kimoja kimoja.